Mama kastaafu maabara lakini sasa anajitolea kuliko hata alivyokuwa kazini, tumwache au tumzuie?

Kitindamimba:

Habari zenu wakuu, naomba tusaidiane mawazo maana familia imegawanyika na wikiendi hii tunakaa kikao. Mama yetu ni mkemia, kazi yake tangu ujana ilikuwa maabara ya maji, kupima sampuli, kuandika ripoti na kunoa vijana, akastaafu salama na sisi tukajipa moyo kwamba sasa bibi atapumzika na wajukuu zake. Wapi. Ni kama kaajiriwa upya, tofauti tu mwisho wa mwezi hakuna kinachoingia. Asubuhi kabla ya chai keshasoma kipima mvua alichokisimika mwenyewe uani na kuandika kwenye daftari, akitoka hapo anazunguka visima vya majirani na kibegi chake, Jumamosi anakusanya watoto wa shule anawafundisha sayansi kwa vitu vya kuokoteza, chupa, mirija, sumaku za spika mbovu, na jioni ndo simu zinaanza, huyu maji yake yana chumvi afanyeje, yule anataka asomewe majibu ya vipimo vya hospitali utadhani mama ni daktari.

Kaka mkubwa anasema mama anatumika. Vitendanishi vya kupimia ananunua kwa pensheni yake mwenyewe, nauli yake, muda wake, na wanaomwita wengine wana uwezo kabisa wa kulipa. Halafu kuna kampuni ilimpa ofa ya ushauri, kazi ya kulipwa vizuri tu, akakataa eti hana nafasi, kaka nusura azimie. Dada yeye anasema tumwache, hajawahi kumuona mama mchangamfu hivi. Mimi niko katikati na ndo naishi naye.

Kilichonileta hapa ni cha juzijuzi. Alipima kisima cha jirani ambaye ana wapangaji, kichupa kikabadilika cheusi tii, akawaambia waliokuwepo pale wachemshe maji. Mwenye kisima akaja juu, kwamba anamharibia na wapangaji watahama. Tangu hapo maneno yanazunguka, wengine wanasema katumwa, wengine eti uzee. Yeye hana habari, kesho yake kaamka kaenda kupima kingine. Sasa wakuu, huyu mtu tumzuie, tumwekee mipaka au tumsaidie, na kama ni kumsaidia tunaanzia wapi bila kumfanya ajione katolewa kwenye maamuzi yake mwenyewe?

Mzee wa Darubini:

Mwanangu Kitindamimba, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kikao, wengi huwa wanauliza wakishagombana. Mimi nami ni mstaafu, upande wa fizikia, kwa hiyo nisome ukijua naegemea kwa mama yako.

Kitu ambacho nyie vijana hamkioni ni kwamba mtu aliyezoea miaka yote kuulizwa "hii namba mbona imekaa hivi" siku anakabidhi ofisi na simu nayo inanyamaza. Hela ikipungua unaizoea, unajibana maisha yanaenda, ila kutoulizwa kitu na mtu yeyote kunazeesha haraka sana. Na nadhani hiyo ofa kaikataa kwa sababu anaijua kazi yenyewe, unaandika ripoti nene inaingia kabatini, wakati huku mtaani akisema chemsheni watu wanachemsha siku hiyohiyo. Raha hiyo kazini tuliionja mara chache.

Kuna huyu Norman Borlaug, mtaalamu wa ngano aliyepewa Nobel ya Amani 1970. Alistaafu rasmi 1979 kwenye kituo cha utafiti kule Mexico. Miaka ya themanini, Ethiopia ikiwa kwenye njaa, tajiri mmoja wa Japani, Ryoichi Sasakawa, akampigia simu waanze kazi ya kilimo Afrika. Borlaug akajitetea kwamba ana miaka 71, kuanza jambo jipya kashachelewa. Sasakawa akamjibu kwamba yeye amemzidi miaka 15, kwa hiyo walitakiwa wawe wameanza jana yake. Mradi ukaanza 1986, Jimmy Carter, rais mstaafu wa Marekani, akiwemo, na Borlaug akawa nao miaka mingi sana baada ya hapo, alifariki 2009 ana miaka 95.

Ila wanaopenda kuisimulia hii stori kuna sehemu wanairuka. Yule mzee hakwenda peke yake na mfuko wa mbegu mgongoni, kulikuwa na mabwana shamba, kulikuwa na wakulima waliotoa kipande cha shamba lao wajaribu wenyewe na majirani waje waone, ikibidi kubisha wabishane na mkulima mwenzao. Mama yako kipimo anafanya yeye, jibu anatoa yeye, lawama anabeba yeye. Hapo ndo pa kujadili kwenye kikao, nani atakuwa naye. Hayo ya kumzuia hamyawezi, nawaambia mapema.

Na hilo daftari la mvua msilicheke. Fort Collins kule Colorado mwaka 1997 ilipiga mvua ikaleta mafuriko ya kuua watu, upande mmoja wa mji ilimwagika ya kutisha na upande wa pili ikawa kidogo tu, vituo rasmi vilikuwa vichache mno kuona tofauti hiyo. Mwaka uliofuata wakaanzisha mtandao wa watu wa kawaida kila mmoja na kipima mvua chake nyumbani, wengi wao wastaafu, na mpaka leo watabiri wa hali ya hewa wanatumia namba zao. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwenye kila mita mraba, kwa hiyo mtu mwenye paa anaweza kukaa na daftari la mama akajua anunue tangi la ukubwa gani. Anayeandika kila siku saa ileile bila kuruka ana kitu cha thamani kubwa, muulizeni tu ameruka lini mara ya mwisho muone atakavyowaangalia.

Mkemia_Kijana:

Shikamoo kwa mama popote alipo, lakini mimi ngoja niwe mbaya kidogo. Nina digrii ya kemia na niko nyumbani. Kila nikienda mahali kuomba hata kazi ya kujishikiza ya kupima maji naambiwa kuna mzee fulani mstaafu anatupimia bure. Sasa nishindane vipi na bure? Mstaafu ana pensheni, mimi nina nini? Watu wanasifia kujitolea ila hawaoni kwamba kila anayelipwa zero anashusha bei ya anayetafuta kula. Mwenye nyumba ya kupangisha ana kodi kila mwezi, huyo analipa, kwa nini apimiwe bure na bado atukane?

La pili ni la kitaalamu. Kile kichupa kinachogeuka cheusi nakijua, ni kile cha haidrojeni salfaidi, unaweka maji unakiacha joto la kawaida siku moja mpaka tatu, baadhi ya bakteria wanaotokana na kinyesi wanatoa ile gesi na inageuza karatasi au unga uliomo kuwa mweusi. Ni kizuri kwa sababu ni rahisi, kilibuniwa India mwaka 1982 kwa ajili ya mazingira yasiyo na maabara. Lakini kinadanganya pia. Kuna maji ya ardhini yana salfaidi yake ya asili au bakteria wengine wa huko chini ambao hawahusiani kabisa na choo, na kichupa kinakuwa cheusi vilevile. Kwa hiyo kichupa kimoja, mara moja, mbele ya wapangaji, mimi hiyo siiti majibu. Unarudia, unakagua kisima kwa macho, ukipata bado ni cheusi unapeleka sampuli maabara yenye ithibati wapime E. koli, bakteria anayeonyesha kinyesi kimeingia. Mama anayajua haya kuliko mimi, ndo maana nashangaa alitangaza vile.

Mpita Njia:

Hiyo ofa ya kampuni, hela ilikuwa ya mama au ya kaka? Maana naona aliyetaka kuzimia ni mwingine kabisa hahaha

Kitindamimba:

Mpita Njia umenichekesha aisee, nitaiuliza hiyo kikaoni halafu nikimbie.

Mkemia_Kijana asante kwa kusema wazi, sijakasirika hata kidogo. Jana usiku nilimsomea mama ulichoandika. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani akaifuta, akasema "huyo kijana yuko sahihi kuhusu salfaidi". Halafu akaenda kuleta daftari lake la visima, tofauti na lile la mvua, akanionyesha kwamba kwa kile kisima, kichupa cha juzi kilikuwa ni cha pili, wiki kadhaa nyuma alishapima kikawa cheusi akamwambia mwenyewe faragha, mwenye kisima akasema atafanyia kazi na hakufanya kitu. Pembeni kachora na ramani, kisima hapa, shimo la choo pale, mteremko unaelekea kisimani, na hatua kazihesabu kwa miguu yake. Mfuniko umepasuka na maji ya kufulia yanarudi ndani, hiyo nimeiona hata mimi. Kwa hiyo hakukurupuka. Ila nilipomuuliza kwa nini mara ya pili aliwaambia wapangaji, akasema kulikuwa na mama pale anamnywesha mtoto mchanga hayo maji kwenye kikombe, angenyamaza vipi. Hapo nikakosa la kusema.

Kwenye suala la kupima bure wenye uwezo hakujibu. Alinyamaza tu akaniambia niandike jina lako.

Katibu wa Maji:

Nimekuwa katibu wa kamati ya maji kwa muda mrefu na tulikuwa na mzee wetu wa namna hii, yeye alikuwa mwalimu wa baiolojia chuo, roho safi kupita maelezo. Nitaongea kama mtu wa upande wa wanaopokea msaada, maana wastaafu wengi hawausikii.

Kwanza hilo la nani aambiwe majibu linatakiwa liishe kabla chupa haijafunguliwa. Sisi baada ya kugombanisha watu tulitengeneza karatasi, mwenye kisima anasaini kwamba anakubali kipimwe, majibu anapata yeye kwanza, na kama ni mabaya ana siku kadhaa za kuchukua hatua na wakati huohuo wanaokunywa wanaambiwa wachemshe au watibu, hiyo sehemu ya kuwaambia haina mjadala, asiyekubali hatupimi kabisa. Ukishaweka hivyo hakuna anayesema umemharibia jina maana kasaini mwenyewe. Na hawezi kusema katumwa, katumwa na kamati.

Pili, mtu akiambiwa maji mabaya swali lake la haraka ni "sasa nifanye nini leo", na hapo ndo mama yenu ana dhahabu, kwa sababu wengi tunachanganya mambo. Mfano kuchemsha kunaua vijidudu vizuri sana lakini kama tatizo ni madini ya floraidi kuchemsha hakusaidii kitu, maji yanapungua floraidi inabaki palepale, yaani unaiongeza makali. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita na kisima kinaweza kuzidi hapo huku maji ni maangavu na matamu kabisa, ladha haikuambii chochote. Tulikuwa na watu wanatia klorini na kunywa hapohapo, mzee wetu akawa anawafundisha kwamba lazima isubiri angalau nusu saa, na kama maji ni ya tope uyachuje kwanza maana tope linaimaliza nguvu. Vitu vidogo hivi ofisi haina mtu wa kwenda kuvirudia nyumba kwa nyumba, mstaafu anavirudia mpaka vinaingia.

Tatu ndo linaloniuma. Mzee wetu alipougua ghafla na baadaye kufariki, kila kitu kiliganda. Madaftari tunayo mpaka leo, mazuri, yamejaa, hakuna anayeweza kuyasoma. Aliandika kwa vifupisho vyake, kisima kimeandikwa "K-mw-2", hiyo "mw" ni nini, mwembe, mwalimu, mwisho? Kuna namba hazina kizio. Tulikaa na mtoto wake tukijaribu kubahatisha tukashindwa. Miaka ya kazi, na tukaanza kupima upya kisima cha kwanza. Kwa hiyo Kitindamimba, wewe unayeishi naye, ukiweza jambo moja tu basi kaa naye mfungue hayo madaftari akwambie kila kifupisho kina maana gani, uandike ukurasa wa mbele.

Nesi wa Zamu:

Nami niongeze upande wa afya, kwanza yake yeye, halafu ya hao wanaomletea majibu ya hospitali.

Yeye: kaka akitumia hoja ya "atachoka afe mapema" mwambieni utafiti haumuungi mkono sana. Kuna uliochapishwa 2020 Marekani, walifuatilia karibu watu 13,000 wenye zaidi ya miaka 50, waliojitolea kuanzia saa 100 kwa mwaka walikuwa na uwezekano mdogo wa kufa ndani ya miaka ile iliyofuatiliwa na wa kuanza kushindwa shughuli za mwili, na walikuwa na matumaini zaidi kuliko wasiojitolea. Sasa nisidanganye, magonjwa sugu kama kisukari haikuonekana tofauti ya wazi, na siku zote unajiuliza kama kujitolea ndo kunakupa afya au mwenye afya ndo anaweza kujitolea, watafiti walijitahidi kulichuja hilo lakini haliishi lote. Cha kuangalia ni hizo saa, 100 kwa mwaka ni kama mbili kwa wiki tu! Mama yenu nadhani anazimaliza mwezi haujaisha. Kwa hiyo akipunguza hata nusu hapotezi chochote cha afya. Mwangalieni miguu ikianza kuvimba jioni, usingizi, na kama anaruka milo au dawa zake kwa sababu kuna mtu anamsubiri, hayo ndo yanawapa haki ya kuingilia. Asiinue ndoo, na asiiname kisimani peke yake, mtu wa umri huo akianguka akavunja nyonga ndo imetoka hiyo.

Hao wa majibu ya hospitali: hapo aache. Leo hii. Kusoma namba ya maji na kusoma namba ya damu ni vitu viwili, anaweza akamwambia mtu "hii iko kawaida" kwa sababu imo ndani ya kiwango kilichoandikwa pembeni na kumbe mgonjwa alitakiwa arudi haraka. Na kama mtu mzima anayeheshimiwa mtaani kasema kawaida, mgonjwa harudi tena. Nimeshaona matokeo yake. Awe na sentensi moja ya kuwajibu wote, "hili la daktari wako, nenda nalo leo", basi.

Mzee wa Darubini:

Nesi ahsante, hilo la mwisho hata mimi nalibeba, kuna jirani huwa ananiletea.

Kijana wangu Mkemia, nimekusoma na sitakuambia kwamba huna hoja, unayo. Nakumbuka 2011 baada ya ajali ya nyuklia ya Fukushima, mhandisi mstaafu wa miaka 72, Yasuteru Yamada, alikusanya wazee wenzake zaidi ya 200 wa miaka 60 na kuendelea wajitolee kwenda kufanya kazi pale badala ya vijana. Sababu yake ilikuwa ya hesabu kavu kabisa, saratani ya mionzi inaweza kuchukua miongo kujitokeza na yeye hana miongo hiyo, kijana anayo. Naitaja kwa sababu yule alijiuliza kitu ambacho sisi wastaafu hatujiulizi vya kutosha: kazi gani nikiichukua mimi kijana anapona, na ipi nikiichukua kijana anaumia. Kupimia bure mwenye nyumba za kupangisha ni ya aina ya pili, hapo nakuunga mkono. Kukaa na watoto Jumamosi na sumaku za spika, hiyo hakuna aliyekuwa anailipia, haijakunyang'anya kitu. Na mama anayemnywesha mtoto maji kwenye kikombe naye hakuwa mteja wako.

Ushauri wangu, mwenye uwezo anapoita, mama aseme "nina kijana, atakuja, gharama yake hii", na yeye apitie majibu nyumbani akiwa amekaa. Jina lake lile lenye kuaminika linafungua mlango, mfanyakazi anakuwa wewe.

Mkemia_Kijana:

Hilo naliafiki mzee wangu, ila liandikwe, maana nimeshawahi kuwa "kijana wa mzee fulani" nikabeba mabegi na kuoshea chupa, na mwisho cheti cha shukrani. Chupa za sampuli kuosha sio tatizo, nijue tu naosha kwa kiasi gani. Na nikiwa nimeenda mimi nikakuta cheusi basi nisaini mimi, nisionekane mtumishi wa bibi.

Kitindamimba muulize mama sampuli anazisafirishaje. Za bakteria zinatakiwa chupa iliyochemshwa au ya kiwandani isiyo na vijidudu, ikae kwenye ubaridi na ifike maabara ndani ya saa sita ikiwezekana, isizidi 24. Kama anazunguka na kibegi juani siku nzima tutaanza na hapo.

Kitindamimba:

Kikao kimeisha wakuu, hakuna aliyepigwa. Nawapa kwa kifupi maana nimechoka.

Kaka alikuja na karatasi ya mahesabu, matumizi yote ya mama tangu astaafu, vitendanishi, nauli, vocha. Mama akaiomba, akaisoma taratibu kama anasahihisha, akamwambia "mstari wa tatu umejumlisha mara mbili". Kikao kizima kikaangua kicheko na kaka mwenyewe akacheka, hapo hali ikapoa. Mpita Njia lile swali lako niliuliza kweli, kaka akasema hela ingekuwa ya mama, dada akakohoa.

Tulichokubaliana. Majibu ya hospitali kaacha, hilo hakubisha, nadhani lilikuwa linamsumbua mwenyewe. Wenye nyumba za kupangisha na biashara watalipa na ataenda kijana, Mkemia angalia inbox yako, mama anataka kukuona kwanza kabla ya kuongelea kiasi, na nikuonye ataanza kwa kukuuliza umesoma wapi kuhusu titresheni, ile ya kudondosha kemikali tone kwa tone kupima kilichomo. Kibegi kina barafu, aliguna nilipomuuliza. Vitendanishi vya kuwapimia wasio na uwezo, sisi watoto wake tutachanga, kaka kasema atatoa ila anataka kuona risiti, sawa, ndivyo alivyo. Madaftari tumeanza kuyafungua jioni mimi na yeye, na Katibu ulikuwa sahihi kabisa, kuna kifupisho hata yeye amekikodolea macho akashindwa kukumbuka.

Kilichogoma ni kamati. Anasema kamati zinachelewesha, watu wanakunywa maji mabaya mnasubiri akidi. Dada kajaribu, mimi nimejaribu, kagoma. Kitu pekee alichokubali ni ile karatasi ya mwenye kisima kusaini kwanza, na kakubali kwa shingo upande. Yule jirani wa kisima cheusi bado hatusalimiani vizuri ila jana nimeona fundi anaziba mfuniko. Katibu kama una mfano wa hiyo karatasi naomba uiweke hapa.

Katibu wa Maji:

Nakutumia inbox kwa sababu hii ina majina ya watu. Ukiinakili ifanye ukurasa mmoja, ya kwetu ilikuwa minne na watu walikuwa wanasaini bila kusoma halafu wanakuja kulalamika. Ile sehemu ya wanaokunywa kuambiwa iweke juu kabisa, kwa herufi kubwa. Na kuhusu kamati usimlazimishe, tafuta mtu mmoja tu wa kamati ambaye mama anamheshimu awe anapita kuchukua nakala ya majibu kila mwezi, wa kwetu tulimpata hivyohivyo, alikuwa mwanafunzi wake wa zamani.